Rawson, amiri wa manowari aliyeivunja ngome ya Mwele

WENGI wanaopita kila siku katika Barabara ya Kimathi, katikati ya jiji la Nairobi, hawajui kwamba enzi za ukoloni iliitwa Hardinge, kwa jina la balozi mkuu wa Uingereza kule Unguja. Lakini amri za Hardinge zilihitaji mtu wa kuzitekeleza, na katika vita vya Pwani mtu huyo alikuwa Harry Rawson.

Rawson alizaliwa Uingereza mnamo 1843, akajiunga na jeshi la wanamaji mwaka wa 1857 akiwa bado mvulana. Alipigana China, na mnamo 1878 alikuwa nahodha wa Minotaur, manowari iliyovikwa deraya ya chuma, Waingereza walipoitwaa Cyprus. Mwaka wa 1895 alikabidhiwa manowari zote za Rasi ya Tumaini Jema na Afrika Magharibi, bendera yake ikipepea juu ya St George.

Aliikuta Pwani ikiwaka moto. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alikuwa amefariki Februari mwaka huo, na Wamazrui wakagombania kiti. Kampuni ya Waingereza ilimpa Rashid, mwana wa marehemu. Wengine walishikilia kuwa, kwa desturi ya ukoo, haki ilikuwa ya Mubarak bin Rashid. Ugomvi wa jamaa ukageuka vita, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia upande wa walionyimwa.

Manowari haipandi mlima. Rawson aliwateremsha mabaharia, wakaandamana na askari wa Sultani kupitia msituni hadi Mwele, ngome ya Mbaruk huko Kwale. Ilianguka Agosti 17, 1895. Mbaruk mwenyewe aliponyoka, akaendelea kupigana hadi Aprili 1896 alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Agosti 25 mwaka huo Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Muhammed. Rawson alimpa hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27. Muda ulipokwisha, mizinga ilinguruma kwa dakika arobaini hivi. Glasgow, meli ya Sultani iliyothubutu kujibu, ilizamishwa bandarini. Vitabu huviita vita vifupi kuliko vyote duniani, karibu kama kichekesho. Watu wapatao 500 wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hapa hapana cha kuchekesha.

Februari 1897 Rawson aliivamia Benin, ambako kasri la Oba liliporwa sanamu za shaba. Baadhi zilirejeshwa Nigeria mnamo 2022.

Serikali yake ilimtuza. Alikuwa gavana wa New South Wales, Australia, tangu 1902 hadi 1909, akafariki London Novemba 1910. Khalid, aliyekimbilia ubalozi wa Ujerumani kisha akavushwa hadi Dar es Salaam, alikamatwa na Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akahamishiwa Shelisheli na St Helena. Hatimaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka wa 1927.