Mtoro bin Mwinyi Bakari

Ndugu msomaji, kijiji cha Ulaya kipo kati ya Kilosa na Mikumi. Lakini Ulaya pia ni jina la nchi za Wazungu. Leo utasoma habari za mtu wa kwetu aliyekwenda Ulaya hiyo ya mbali. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, mnamo mwaka 1869. Alisoma Kurani, akajua kusoma na kuandika. Wakati huo Wajerumani waliitawala nchi yetu, nao walitaka kujua Kiswahili. Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin, Ujerumani. Huko alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha.

Mtoro aliandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua. Alieleza njia aliyopita na mila za watu. Habari hizo zilichapwa mwaka 1901, pamoja na safari za Waswahili wengine. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha desturi za Waswahili. Humo utasoma habari za uzazi, arusi, kilimo, dawa na mazishi. Sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro. Lakini jina lililowekwa juu ya kitabu lilikuwa la Mjerumani, Carl Velten.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walipanda meli kuja kwetu. Walipofika pwani, serikali ya kikoloni ilikataa wasishuke pamoja. Haikutaka Mwafrika awe na mke Mzungu. Je, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoro hakumwacha mkewe. Walirudi Ujerumani pamoja.

Tangu mwaka 1909 hadi 1913 alifundisha Hamburg. Baadaye alizunguka miji ya Ujerumani akieleza habari za Afrika. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1981 kitabu cha desturi kilitolewa kwa Kiingereza. Safari hii jina la Mtoro liliwekwa juu yake. Zilikuwa zimepita miaka 54 tangu afariki.

Ndugu, sasa wewe unajua kuandika. Andika safari zako na mila za kwenu. Ukimaliza, andika jina lako mwenyewe.

Maswali
1. Mtoro alizaliwa wapi?
2. Kwa nini Mtoro na mkewe walirudi Ujerumani?
3. Andika habari za safari yako moja.