Mangi Meli wa Old Moshi: Mkubwa wetu asiye na kaburi



Fungu kubwa la harambee ya mwaka huu ni usafi na uzio wa makaburi ya ukoo. Wapo waliotuuliza kwa nini fedha ziende kwa waliokufa wakati paa la zahanati linavuja. Swali ni halali, nasi tunaoshika daftari la umoja tumeliwaza sana. Badala ya kujibu kwa hesabu, tumeona tusimulie habari za mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana mlima mzima, masale yapo kwao, wajukuu wapo, ila kaburi halipo.

Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye watu wa pwani na Wazungu walimwita Mandara. Moshi tunayosema hapa si mji wa leo. Ni huku juu, Old Moshi, ambako barabara inapanda kutoka Kiboriloni. Jina liliteremka tambarare baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, na wenye jina wakabaki juu wakiitwa wa zamani.

Kumwelewa Meli lazima uanze na baba. Rindi alikuwa na jicho moja, na kwa jicho hilo aliona mbali kuliko wengi wenye mawili. Mwaka 1885 alimkubalia mjumbe wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka huo huo akatia sahihi mkataba na Wajerumani. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake mpaka Berlin. Wageni aliwatumia kumpunguza nguvu mpinzani wake, Mangi Sina wa Kibosho, na Februari 1891 Wajerumani walipompiga Sina, askari wa Rindi walikuwa pamoja nao. Sisi watu wa hesabu tungesema alikopa kwa huyu akalipa kwa yule, na maisha yake yote mizania haikumwangukia. Alikufa mwaka huo huo wa 1891. Deni likabaki kwa mtoto.

Meli alishika utawala akiwa bado kijana. Hakuwa na subira ya baba yake, na pengine hata angekuwa nayo isingemsaidia, maana Wajerumani waliomkuta yeye hawakuwa tena wageni wa kubembelezwa. Walikuwa na ngome Marangu, kwa Mangi Marealle, ambaye naye alijua kuwatumia. Juni 1892 afisa aliyeitwa von Bülow alipanda na jeshi kuja kumwadhibu Meli. Watu wa Moshi wakampiga. Von Bülow aliuawa, na Wajerumani wakauacha mlima kwa muda. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Wahehe wa Mkwawa waangamize jeshi la Zelewski kule Lugalo. Watoto wetu wanafundishwa Lugalo shuleni, na ni vizuri. Hii ya nyumbani wengi wameisikia kwa babu tu, na wengine hawakuwahi kuisikia.

Mwaka uliofuata, Agosti 1893, Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa lenye mizinga, akisaidiwa na askari wa wamangi wengine. Tusifiche hilo. Meli alishindwa na Wajerumani na Wachaga kwa pamoja. Akasalimu amri, nchi yake ikapunguzwa, watu wake wakajenga boma la Wajerumani kwa mikono yao, katika ardhi yake mwenyewe, chini ya amri ya Kapteni Johannes. Kwa karibu miaka saba aliishi hivyo, akiwa mangi kwa jina, akiliona boma hilo kila alfajiri.

Kisha yakaja madai kwamba wamangi wa Kilimanjaro, pamoja na viongozi wa Arusha na Meru, wanapanga kulivamia boma. Kama njama ilikuwepo kweli, au ilitungwa na waliotaka kuwaondoa wapinzani wao, wazee wamebishana juu yake tangu siku hiyo, na wengi upande wetu wanamtaja Marealle. Sisi hatutaki kufungua kesi hiyo katika kijitabu cha harambee, hasa kwa kuwa nusu ya wanachama wetu wameoa au kuolewa Marangu. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Old Moshi mbele ya watu wao. Miongoni mwao walikuwa Meli, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Angalia hapo: mtoto wa Rindi na mrithi wa Sina, ambao nyumba zao zilipigana miaka na miaka, walikufa siku moja.

Mti ungalipo mpaka leo.

Kwetu mtu akifa huzikwa kwenye kihamba, kati ya migomba, na sale hupandwa kuonyesha mahali. Ndiyo maana Mchaga haoni tabu kusafiri usiku kucha kurudisha maiti kutoka Dar es Salaam. Meli alifia nyumbani, hatua chache kutoka kwenye migomba ya baba yake, na bado hakuzikwa kama mtu wa nyumbani. Ukoo unashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Zama zile kule Berlin msomi aliyeitwa von Luschan alikuwa akikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni, na maafisa wakimpelekea.

Mjukuu wake alitumia miaka mingi ya uzee wake kukitafuta kichwa hicho. Aliandika barua, akapokea wageni, hatimaye akatoa mate yapimwe vinasaba. Watafiti wa Berlin walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki, karibu 200 kati yake yakiwa ya nchi hii. Septemba 2023 ikatangazwa kwamba matatu yamepata ndugu zao hapa Kilimanjaro. Moja lilikuwa bado limeandikwa jina Akida, anayeaminika kuwa mshauri wa Meli. Familia hizo zikajua, baada ya zaidi ya miaka mia moja, watu wao wako kabati gani. Fuvu la Meli halikuwamo katika hayo matatu.

Machi 2019, siku ya kumbukumbu yake, sanamu yake ilizinduliwa Old Moshi na maonyesho yakafunguliwa. Tuliokwenda tulisimama pale kimya. Mzee mmoja alituuliza, akicheka kidogo, kama sisi wa mjini tunajua babu zetu wenyewe wamelala upande gani wa kihamba. Wawili kati yetu hatukuweza kumjibu. Vihamba vimegawanywa kwa kaka na kaka, kipande kimeuzwa, migomba imepandwa juu, sale limeng'olewa na mtu aliyedhani ni gugu.

Basi hilo ndilo jibu letu kwa waliouliza. Paa la zahanati lina fungu lake na halitaguswa. Mchanganuo wa uzio uko ukurasa unaofuata, pamoja na nafasi ya kuandika majina ya waliozikwa kwenye kihamba chenu na upande walikolazwa. Tunaomba mkae na wazee Desemba hii, mjaze, na karatasi mkabidhi kwa katibu kabla ya Mwaka Mpya. Anayejua jina bila mahali aandike jina. Anayejua mahali bila jina aandike mahali.