Sir Arthur Pearson, Kipofu Aliyewatafutia Kazi Vipofu Wenzake

Maskauti wa shule yetu wanakijua kitabu cha Baden-Powell kiitwacho Scouting for Boys, lakini ni wachache wamjuao mtu aliyekitoa mwaka 1908. Mtu huyo ni Mwingereza Arthur Pearson, naye alifanya jambo jingine ambalo mimi naliona kuwa kubwa zaidi. Napenda kuwasimulia wasomaji habari zake.

Pearson alizaliwa mwaka 1866 katika kijiji cha Wookey. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alishinda mashindano ya maswali ya gazeti moja la London, na zawadi yake ilikuwa kazi ya ukarani. Haukupita mwaka akawa msaidizi mkuu wa mwenye gazeti. Mwaka 1890 alianzisha gazeti lake mwenyewe, na mwaka 1900 akaanzisha Daily Express. Akawa mtu tajiri.

Kisha akapatwa na ugonjwa wa macho uitwao glaukoma. Alipasuliwa mwaka 1908, lakini haikufaa. Kuanzia mwaka 1910 aliyaacha magazeti yake kidogo kidogo, na mwisho akawa kipofu kabisa. Tajiri kama yeye angeweza kukaa kitini akahudumiwa mpaka kufa, lakini yeye hakutaka kuhurumiwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi vijana walirudi kwao wamepoteza macho. Mwezi wa Januari, 1915, Pearson alianzisha kamati ya kuwasaidia, na punde wakapata jumba la St Dunstan's, katika Regent's Park, London. Hakulifanya nyumba ya kulelea watu, bali shule ya kazi. Walimu kadhaa walikuwa vipofu pia, ili mwanafunzi ajue kwamba anayoambiwa yanawezekana. Kila mmoja alifundishwa kusoma kwa vidole maandishi ya Braille, na kupiga taipu. Kisha alichagua kazi: kushona viatu, useremala, kusuka vikapu, kufuga kuku, kupokea simu ofisini, au kukanda viungo vya wagonjwa hospitalini.

Sehemu inayonipendeza zaidi ni hii. Mtu alipokwisha kufuzu na kurudi kwao, hakuachwa. Wajumbe walimtembelea kuangalia kazi yake, aliuziwa vifaa kwa bei nafuu, na vitu alivyotengeneza vilitafutiwa soko. Pearson alifahamu kwamba fundi mpya asiye na ngozi wala wanunuzi hushindwa, hata akiwa na macho mawili mazima.

Pearson alikufa Desemba 1921. Aliteleza bafuni, akajigonga, akazimia na kufa maji. Mahali pake pakashikwa na Ian Fraser, kijana aliyepofushwa vitani mwaka 1916 na kufundishwa St Dunstan's. Fraser alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1924. Chama chenyewe kingali kinafanya kazi mpaka leo, ingawa jina lake limebadilika.

Methali yetu yasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni kweli, lakini mtu ataachaje kutegemea ikiwa hakuna aliyemfundisha kazi nyingine? Kaka yangu alikuwa fundi wa baiskeli, akapofuka miaka miwili iliyopita. Tangu hapo jamaa zetu hukutana kila mwezi kupanga nani atamnunulia unga na sabuni, nao hutoa kwa moyo mwema. Lakini sijasikia hata mmoja akiuliza kaka angependa kufanya kazi gani. Mikono yake ni ile ile, na kila spana huijua kwa kuigusa. Likizo hii nitaliuliza swali hilo mbele ya baba na wazee, na kaka mwenyewe awepo ajibu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu