Louis Hammett, mpimaji wa asidi kali sana

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ukali wa asidi hupimwa kwa pH. Kwa maji ya ndimu au siki, kipimo hicho kinatosha. Lakini kwa asidi ya salfuriki tupu kinashindwa, maana kiliwekwa kwa ajili ya asidi iliyozimuliwa katika maji mengi. Leo tunamkumbuka Mmarekani aliyeuvuka mpaka huo, Louis Plack Hammett.

Hammett alizaliwa mwaka 1894 huko Wilmington, Delaware. Alisoma Harvard, akaenda Zürich, Uswisi, kisha akapata udaktari mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikofundisha hadi 1961.

Mwaka 1932, yeye na mwanafunzi wake Alden Deyrup walitoa kipimo kipya. Asidi hutoa protoni, na ukali wake ni uwezo wake wa kumpa mwingine protoni hiyo. Basi walichagua besi dhaifu sana, ambazo hupokea protoni kwa shida na hubadilika rangi zikiipokea. Besi ya kwanza waliipima katika asidi iliyozimuliwa, ambako pH inaaminika. Kisha wakachukua besi dhaifu zaidi na kuzilinganisha zote mbili katika asidi kali kidogo. Ya kwanza ikawapa thamani ya pili, ya pili ikawapa ya tatu, hadi wakaifikia asidi ya salfuriki tupu. Hii iko karibu na -12 katika kipimo cha Hammett. Kwa kuwa kila namba ni mara 10, kutoka 0 hadi hapo ni mara trilioni moja.

Kipimo hiki kina masharti yake. Besi za jamii nyingine zinaweza kutoa namba tofauti, kwa hiyo ni lazima kutaja zilizotumika. Hata hivyo, wanakemia waliotengeneza asidi zenye nguvu kuliko salfuriki tupu waliendelea kutumia njia hiyohiyo, wakafika chini ya -20.

Hammett alifariki mwaka 1987. Kwetu tunaosoma, maisha yake yana funzo la kazi: hakukisia ukubwa wa kitu kisichopimika. Alianza na alichokuwa na hakika nacho, akasogea hatua moja, akahakikisha, ndipo akasogea tena. Na vilivyomwonyesha nguvu za asidi kali sana vilikuwa vitu dhaifu.