John von Neumann: Mwanahisabati aliyeichambua poka, na hesabu ya mkulima wa Gachoka

MWANAHISABATI John von Neumann hakuwahi kulima shamba, na haielekei kwamba alipata kulisikia jina la Gachoka, sehemu kame ya nchi ya Wambeere iliyo chini ya mji wa Embu. Hata hivyo, hesabu aliyoianza kwa kuutafakari mchezo wa karata uitwao poka haitofautiani sana na ile anayoifanya mkulima wa Gachoka kila msimu, anapoamua sehemu ipi ya shamba aitie mahindi na ipi aitie mtama, kunde au ndengu, ilhali hajui mvua itakuja kwa kiasi gani.

Von Neumann alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza, baba yake akiwa mtu wa benki. Tangu utotoni alisifika kwa kumbukumbu isiyo ya kawaida na kwa wepesi wa kukokotoa tarakimu kubwa kichwani. Kufikia 1926, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa amepata shahada ya uzamifu katika hisabati mjini Budapest, na wakati uo huo alikuwa akisomea uhandisi wa kemia mjini Zurich ili kumridhisha baba yake, aliyehofia kwamba hisabati haingemlisha.

Mwaka wa 1928 alichapisha makala kuhusu michezo ya barazani. Mfaransa Émile Borel alikuwa amekwisha kuligusa jambo hilo mwaka wa 1921, lakini ni von Neumann aliyethibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili, ambamo anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake, kila upande una njia ya kucheza inayomkinga dhidi ya baya kuliko yote analoweza kutendewa. Sataranji haikumvutia sana kwa suala hilo, kwa kuwa humo kila kitu kiko wazi machoni pa wachezaji wote wawili. Poka ni mchezo wa mambo yaliyofichwa, na maisha, kwa maoni yake, yalifanana zaidi na poka.

Kwa asiyeijua, poka ya kale huchezwa hivi. Kila mchezaji hugawiwa karata tano kutoka fungu la karata 52. Huweka dau, huruhusiwa kubadilisha karata asizozitaka, kisha dau huwekwa tena. Anayeona karata zake hazifai huzitupa na kupoteza alichokwisha kuweka. Anayeziamini hulipa dau lililotajwa au hulipandisha. Mwishowe waliobaki huonyeshana mikono, na mwenye karata bora huchukua fedha zote zilizo mezani. Jozi hushindwa na jozi mbili, nazo hushindwa na karata tatu zinazofanana, na kadhalika kwenda juu.

Kosa la kwanza la mwanagenzi ni kutaka kucheza kila mgao. Takriban nusu ya migao yote ya karata tano haina hata jozi moja, kwa hivyo mwenye busara hutupa karata mara nyingi kuliko anavyozicheza, wala haoni haya kufanya hivyo. Kosa la pili ni kulipa dau bila kulipima na kilichoko mezani. Tuseme mtu ana shupaza nne na karata moja isiyofaa, na anataka kuibadilisha ili apate shupaza ya tano. Karata asizoziona ni 47, na miongoni mwazo shupaza ni tisa. Atafaulu takriban mara moja katika kila mara tano. Iwapo mezani kuna shilingi 100 na anatakiwa alipe 50, katika majaribio matano atapoteza 200 na kushinda 100. Huko ni kujifilisi polepole. Iwapo mezani kuna shilingi 300, kwa dau lilo hilo la 50, atapoteza 200 na kushinda 300, na hapo inafaa alipe. Karata ni zile zile na tamaa ni ile ile; kilichobadilika ni bei tu. Jambo la tatu huwaponyoka hata wazoefu: anayepewa zamu ya mwisho kusema amekwisha kuona wenzake walivyofanya, basi anaweza kuthubutu kwa karata ambazo anayeanza angepaswa kuzitupa.

Yote hayo wacheza kamari waliyafahamu kwa uzoefu kabla ya von Neumann. Alichoongeza yeye ni maelezo ya kubabaisha, yaani kuweka dau kubwa kana kwamba una karata za nguvu ilhali huna kitu. Wengi walidhani hilo ni suala la ujasiri au la kuisoma sura ya mwenzako. Von Neumann alionyesha kwamba ni suala la hesabu. Mchezaji asiyebabaisha kamwe hujulikana upesi: akipandisha dau, wote hutupa karata, na karata zake nzuri hazimletei faida. Akibabaisha mara kwa mara, wenzake hulazimika kumlipa hata pale alipo na nguvu kweli, kwa kuwa hawana hakika. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba karata za kubabaishia ni zile mbovu kabisa, si za wastani. Za wastani huenda zikashinda zenyewe bila dau kupanda, ilhali mbovu hazina cha kupoteza.

Waliomfuata walikokotoa hata kiasi. Katika mkondo wa mwisho, iwapo dau linalingana na fedha zilizoko mezani, mchezaji hubabaisha mara moja kwa kila mara mbili anazokuwa na nguvu. Tena lazima afanye hivyo bila utaratibu unaotambulika, la sivyo mwenzake ataugundua na kumnasa.

Von Neumann alihamia Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka wa 1930, na mwaka wa 1933 akawa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa taasisi ya utafiti mjini humo, pamoja na Albert Einstein. Huko ndiko alikokutana na mwanauchumi Oskar Morgenstern, aliyetoka Vienna, na mwaka wa 1944 wakatoa kitabu kinene kilichoanzisha rasmi nadharia ya michezo. Sehemu ya kitabu hicho inahusu poka.

Ajabu ni kwamba waliocheza naye poka hawakumhesabu kuwa bingwa. Kulingana na kumbukumbu za mkewe wa pili, Klára Dán, walikutana katika jumba la kamari la Monte Carlo, von Neumann akiwa na makaratasi yaliyojaa hesabu za kuishinda ruleti. Alipoteza fedha zote alizokuwa nazo, na ikabidi Klára amnunulie kinywaji. Vijana wanaoweka fedha za karo au za mbolea katika kamari za simu wangefaa kulitia maanani tukio hilo. Katika poka mtu hushindana na binadamu mwenzake, ambaye naye hukosea. Ruleti haikosei, na malipo yake yamepangwa ili mwenye jumba asipungukiwe. Mtu aliyeifahamu hesabu ya michezo kuliko wote duniani aliondoka pale mikono mitupu.

Baada ya kifo chake, mwanajiografia Peter Gould aliichukua nadharia hiyo mwaka wa 1963 na kuitumia kwa mfano wa kijiji cha Jantilla, Ghana. Badala ya mchezaji wa pili aliweka hali ya hewa: mwaka wa mvua au mwaka mkavu. Hesabu ikamwonyesha kwamba mkulima hapaswi kuubahatisha mwaka. Anapaswa kuchanganya mazao, katika mfano huo takriban robo tatu mahindi na sehemu iliyosalia mpunga wa milimani, ili mavuno yasishuke chini ya kiwango fulani hata anga ikigeuka.

Wakulima wa Gachoka wangeutambua mchezo huo mara moja. Mahindi hulipa vizuri mvua ikikamilika, na huungua shambani ikikatika mapema. Mtama na mawele havina bei ya kusisimua lakini huvumilia ukame, nazo ndengu na kunde hukomaa upesi kabla ya unyevu kwisha. Anayepanda mahindi matupu kwa sababu msimu uliopita ulikuwa mwema ni sawa na mchezaji anayelipa kila dau. Anayepanda mtama mtupu kwa woga naye hupitwa na neema za mwaka wa mvua. Tofauti moja ni muhimu: mvua haina hila wala haimbabaishi mtu, kwa hivyo mkulima ana nafasi ambayo mcheza poka hana, ya kusikiliza utabiri wa hali ya hewa na kurekebisha vipimo vyake.

Maisha ya von Neumann hayakuishia kwenye karata. Alishiriki kuunda bomu la atomiki lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, akakaa katika kamati iliyochagua miji ya kushambuliwa, na baada ya vita akawa miongoni mwa waliotaka Muungano wa Kisovieti upigwe kabla haujajiimarisha. Hapo nadharia ya kujikinga na baya kuliko yote ilimpeleka mahali pa kutisha, na ni bahati ya dunia kwamba ushauri huo haukufuatwa.

Saratani iligunduliwa mwilini mwake mwaka wa 1955. Alilazwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Washington, chini ya ulinzi, wakuu wakihofia kwamba angetoboa siri za taifa kwa maumivu na dawa. Siku moja alimwomba binti yake, Marina, ampime kwa hesabu nyepesi za kujumlisha, kama saba na nne. Baada ya dakika chache binti huyo hakuweza kustahimili, akatoka chumbani. Von Neumann alifariki tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Princeton.