Job Bwayo

Job Bwayo (alifariki 4 Februari 2007) alikuwa mwanasayansi wa Kenya na profesa wa mikrobiolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa KAVI, taasisi iliyoongoza majaribio ya kwanza ya chanjo ya UKIMWI nchini Kenya.

Utafiti wa awali

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alifanya utafiti katika kliniki ya Athi River, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, kati ya madereva wa malori ya masafa marefu na utingo wao. Zaidi ya robo ya waliopimwa walikuwa na VVU. Kliniki hiyo ilitoa pia tiba ya magonjwa ya zinaa na ushauri.

Majaribio ya chanjo

Wazo la chanjo ya Nairobi lilitokana kwa sehemu na wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Baadhi yao hawakuambukizwa ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Chanjo iliundwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 2000 ulizuka mgogoro kwa sababu watafiti wa Kenya hawakutajwa katika hataza yake. Baadaye pande husika zilikubaliana kushiriki umiliki.

Jaribio lilianza Nairobi mwaka 2001 kwa watu wenye afya waliojitolea. Wengi katika jamii waliogopa kwamba sindano ingewaambukiza. Ilibidi waelezwe kuwa chanjo haikuwa na virusi kamili, kwamba haijathibitishwa kuwakinga, na kwamba wangeweza kujitoa wakati wowote. KAVI ilifanya kazi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika mtaa wa Kangemi.

Chanjo hiyo ilionekana salama, lakini iliamsha kinga kidogo mno, ikaachwa mwaka 2004. Majaribio ya chanjo nyingine yaliendelea.

Kifo

Bwayo aliuawa kwa risasi na wanyang'anyi wa magari karibu na Nairobi, mkewe alijeruhiwa. Mwaka huohuo jaribio la chanjo la HIVIS lilianza Dar es Salaam, Tanzania, na askari polisi walikuwa miongoni mwa waliojitolea.