Roland Kuhn

Roland Kuhn (Biel, 4 Machi 1912 – Scherzingen, 10 Oktoba 2005) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka nchini Uswisi. Anajulikana kama mgunduzi wa uwezo wa imipramini kutibu sonona.

Maisha

Kuhn alisomea udaktari, kisha mwaka 1939 akaanza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Münsterlingen, kando ya Ziwa Konstanz. Alidumu hapo hadi alipostaafu, miaka ya mwisho akiwa mkurugenzi.

Ugunduzi

Kampuni ya Geigy ya mjini Basel ilimpa dawa iliyofanana na klopromazini ili aijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwasaidia, baadhi yao walichangamka kupita kiasi. Mwaka 1956 aliijaribu kwa wagonjwa wa sonona, na baada ya siku kadhaa baadhi yao walianza kula, kulala na kuzungumza na wenzao. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1957. Mwaka huohuo Nathan Kline wa Marekani alitangaza kwamba iproniazidi, iliyotokana na utafiti wa dawa za kifua kikuu, nayo huondoa sonona.

Utendaji na hatari

Chembe za neva hupashana habari kwa kemikali kama serotonini na noradrenalini, kisha huzifyonza tena. Imipramini na jamaa zake, kama amitriptilini, huzuia ufyonzaji huo. Huleta pia kinywa kikavu, kufunga choo na usingizi. Dozi ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika na mgonjwa anaweza kufa.

Kundi la iproniazidi huzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali hizo. Mtumiaji akila jibini iliyokomaa, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Iproniazidi yenyewe iliharibu maini ya baadhi ya wagonjwa.

Kundi la tatu, lenye fluoksetini, huzuia hasa ufyonzaji wa serotonini. Si hatari sana dozi ikizidi, ila huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Vijana wa chini ya miaka 25 wanapaswa kuangaliwa kwa karibu mwanzoni, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.

Kwa kawaida nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, na dawa haifai kuachwa ghafla. Kuchanganya makundi haya bila daktari ni hatari kwa uhai.

Nchini Tanzania

Amitriptilini na fluoksetini hutumika Tanzania kutibu sonona. Hospitali ya Taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, mjini Dodoma.

Lawama

Baada ya kifo chake, serikali ya jimbo la Thurgau iliagiza wanahistoria wachunguze kazi yake. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa alijaribu dutu zisizopungua 67 kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Wengi hawakuelezwa wala kuombwa ridhaa, naye alilipwa na kampuni za dawa. Hivyo anakumbukwa kwa mambo mawili: dawa iliyowapa nafuu wengi, na wagonjwa ambao haki yao haikuheshimiwa.